Mkufunzi wa Kozi ya Mayaya

Mkufunzi wetu hakuvumilia neno "tu". Kazi ya kwanza aliyotupa chuoni ilikuwa kwenda stendi ya Buzuruga. Kila mmoja achague mtoto mdogo, akae mbali kidogo, amtazame asubuhi nzima bila kumgusa wala kumsemesha, kisha aandike alichokiona. Mimi nilimchagua mtoto wa mama mmoja muuza ndizi. Niliandika kwamba mtoto alikaa chini, anacheza tu. Karatasi ilirudi hilo neno limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni ameandika: Rudi stendi.

Nilirudi nimenuna. Mtoto yule yule alikuwa anaokota vifuniko vya soda na kuvipanga kwenye ukingo wa beseni la mama yake. Kila kimoja kikidondoka, anageuka kwanza kumtazama mama, ndipo anakiokota. Nikaandika hivyo. Mkufunzi aliisoma karatasi akiwa amesimama mbele ya darasa.

"Kwa nini anamtazama mama kwanza?" aliniuliza.

"Labda anaogopa kugombezwa, Madam."

"Labda. Au anahakikisha kama bado yupo." Akanirudishia karatasi. "Hakuna mtoto anayecheza tu, wala anayelia tu. Mkimaliza chuo hiki bado mnasema hilo neno, nitakuwa nimekula mshahara wa bure."

Chuo chetu cha maendeleo ya jamii kilikuwa juu ya kilima cha mawe upande wa Ilemela, na ukikaa dawati la dirishani unaliona ziwa. Kulikuwa na ushonaji, useremala, umeme wa majumbani, na sisi wa malezi na makuzi ya watoto wadogo. Vijana wa umeme walituita kozi ya mayaya. Ukipita karakana yao wanaanza kulia kama vichanga. Wengi wetu tulikuwa tumefeli kidato cha nne, na hatukuwa na la kuwajibu. Kwetu Magu, baba akiulizwa binti yake anasoma nini, alikuwa anasema, "Yuko Mwanza anasoma," halafu anauliza habari za mvua.

Mkufunzi alituita "mwalimu", kila mmoja, tangu siku ya kwanza. Mwalimu, funga dirisha. Mwalimu, umechelewa, kaa nje. Alikuwa anakugombeza na kukupandisha cheo kwa wakati mmoja, na wewe hujui ulie au ujinyooshe.

Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele amekata fupi, shingo ndefu iliyomfanya aonekane anachungulia kitu ng'ambo. Hakuvaa hereni wala mkufu. Tulidhani ni mlokole mpaka aliposema mwenyewe darasani kwamba mtoto mchanga huvuta chochote kinachoning'inia, na anayefanya kazi hii aamue mapema kama anataka masikio au mapambo. Nilicheka pamoja na wenzangu. Baadaye, nilipofika kwake Buzuruga, nikakuta vyumba viwili vilivyopigwa deki mpaka vinang'aa, kitanda, meza, redio, na hakuna dalili ya mtoto kuwahi kupita hapo, ndipo nilianza kujiuliza masikio yale aliyalinda kwa ajili ya nani.

Kwao ni Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha msoma taarifa ya habari, isipokuwa akikasirika. Hapo Kisukuma kilimrudia mdomoni, "leteni hizo karatasi" ikawa "reteni hizo kalatasi", nasi tunajua tunyamaze. Lakini siku darasa lilipomcheka mwenzetu wa Misungwi kwa kusema mtoto "amerara", alisimamisha somo.

"Watoto mtakaoletewa watatamka kila namna," alisema. "Mkiwacheka watanyamaza. Mtoto akishanyamaza, utamjuaje?"

Nisimfanye malaika. Hakuwa mtu mchangamfu. Ukimpa shikamoo, anaitikia marahaba huku anatembea. Kwenye mahafali alikaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya chakula. Mwenzetu mmoja alipofiwa na baba, alimpa ruhusa na nauli, wala hakumshika hata bega. Wanawake wa umri wake humwita kila kijana "mwanangu", dukani, njiani, popote. Yeye hakuna aliyemsikia akilitumia neno hilo.

Lakini kwa watoto alikuwa mtu mwingine. Tulifanya mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha kulelea watoto mchana, pale Mabatini, nyuma ya maduka ya vyuma. Akiingia hapo, hata sauti yake ilikuwa inashuka. Hakumkimbilia mtoto wala kumrushia maneno matamu. Alikuwa anachuchumaa pembeni, anaanza kufanya jambo lake, kupanga vibao au kukunja kitambaa, na baada ya muda unakuta watoto wamemzunguka.

Asubuhi moja dada mmoja muuza mitumba alimleta mwanawe kwa mara ya kwanza. Mtoto alipoanza kushangaa picha za ukutani, mama akatukonyeza, akavua ndala, akanyata mpaka nje. Sisi tuliona amefanya la maana, maana hakuna kilio. Mkufunzi alitoka mbio. Tulimwona kupitia mlangoni akimfuata yule mama hadi barabarani, mwanamke wa heshima zake anakimbia kati ya bodaboda, akamshika mkono na kumrudisha.

"Muage," alimwambia.

"Madam, ataanza kulia, na mimi nachelewa gulioni."

"Alie. Muage, mwambie utarudi."

Mama aliaga. Mtoto alilia kwa nguvu, alijitupa chini, akagaragara. Mama akaondoka akifuta machozi yake mwenyewe, na sisi tukabaki na kelele ile, tukimtazama Mkufunzi kama mtu mkatili. Yeye alikaa sakafuni karibu na mtoto mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Huyu amelia kwa sababu ameona mama akiondoka," alituambia. "Anayetorokwa akigeuka hamwoni mama. Huyo naye atalia, na kesho hatathubutu kugeuka tena. Atacheza shingo ikiwa nyuma. Usimtoroke mtoto, mwalimu. Hata kama amelala."

Hilo la mwisho, hata kama amelala, lilinishangaza. Mtu aliyelala unamuagaje?

Siku nyingine, tukiwa chuoni tunashona wanasesere wa vitambaa, msichana mmoja alikuja kusimama mlangoni. Alikuwa mkubwa kutuzidi kidogo, amevaa sketi ya kitenge, na shingo ndefu.

"Samahani, Madam," alisema. "Nimekuja kuchukua dawa za bibi."

Mkufunzi aliinuka haraka, sindano ikaanguka. Walisimama koridoni kama watu wawili wanaokutana ofisini. Alimpa mfuko wa dawa, akamwuliza jambo, msichana akajibu kwa kifupi. "Asante, Madam," tukamsikia, na viatu vikashuka ngazi. Mkufunzi alirudi, akakaa, akatazama mikono yake. Mmoja wetu akamwokotea sindano. Tulikubaliana bwenini kwamba yule lazima aliwahi kuwa mwanachuo wake.

Ukweli niliujua kwa sababu ya mtoto wangu.

Nilijifungua Baraka katikati ya masomo. Baba yake alikwenda machimboni Geita, na kwanza akawa hapokei simu, kisha namba ikawa haipatikani. Nilipanga chumba karibu na chuo na kumwachia mtoto jirani, ambaye leo yupo kesho hayupo. Mama yangu alinipigia kutoka Magu: mlete kwangu, umalize shule, mtoto hatakufa njaa. Niliona nafuu hadi nikalia. Nikaenda ofisini kwa Mkufunzi kuomba ruhusa ya kumpeleka.

"Anafanya nini sasa hivi huyo mtoto?" aliniuliza.

"Ameanza kukaa, Madam. Na anajua watu. Akinisikia mlangoni anacheka kabla sijaingia."

Aliweka kalamu chini. Halafu akasema, "Acha chuo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Madam, namwachia mama yangu mzazi. Si mtu baki."

"Nimesikia. Acha chuo, ukae naye. Chuo kitakuwepo."

"Nikiacha nitakuwa nani?" Nilikuwa nimeshapandisha sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia. "Wewe una kazi yako, una mshahara, hujawahi kuachwa na mtoto mgongoni. Unajua nini?"

Aliinuka akafunga mlango. Nilijua nimefukuzwa. Aliporudi hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye benchi, upande wangu.

"Yule aliyekuja kuchukua dawa ni binti yangu," alisema.

Alinisimulia akitazama ukuta. Alimzaa akiwa msichana, akapata nafasi ya chuo cha ualimu mbali, na mama yake akamwambia maneno yale yale aliyoniambia wangu. Siku ya kuondoka mtoto alikuwa bado ananyonya. Mama yake alimshauri amnyonyeshe alale, aondoke kimya kimya, asije akalia. Akafanya hivyo. Alitembea hadi kwenye gari huku kifua kimejaa, maziwa yanalowesha blauzi, akijisifu kwamba hakumliza mtoto.

"Niliporudi likizo alijificha nyuma ya bibi yake. Nikasema atazoea. Likizo iliyofuata akauliza mgeni ataondoka lini. Nilikuja kupata kazi hapa Mwanza, nikaenda kumchukua aje kuanza shule, akaugua. Hakula mpaka nikamrudisha. Hakuna mtu aliyemfundisha kunichukia, ujue. Mama yangu alimlea vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Kila mtu alifanya vizuri."

"Kwa nini anakuita Madam?"

"Aniite nani? Mama yake anamjua, ni bibi yake."

Nje, vijana wa useremala walikuwa wanaranda mbao. Tulisikiliza randa ikienda na kurudi.

"Siwaambii wengine waache shule," alisema mwishowe. "Wapo watoto wengi waliolelewa na bibi zao na mapenzi na mama zao yakabaki. Labda mimi ndiye sikujua kurudi. Lakini umeniuliza najua nini, najua hicho." Akainuka, akafungua mlango. "Kesho njoo naye darasani."

Sheria za chuo zilikataza watoto madarasani. Siku ile ile niliyomleta, mkuu wa chuo alifika kuulizia kelele. Baraka alikuwa juu ya mkeka, katikati ya wanachuo wote wa kozi ya mayaya, anatafuna boksi.

"Madam, hiki nini?"

"Mkuu, useremala wana mbao," alisema Mkufunzi. "Umeme wana nyaya. Wangu hawa wasomee nini?"

Mkuu alimtazama Baraka, akafunga mlango taratibu, akaondoka. Baraka akawa mali ya darasa. Tuliandika alivyotambaa, alivyosimama kwa kushika dawati, alivyogoma uji wa ulezi. Vijana wa umeme waliokuwa wakitutania ndio walimchongea kigari cha kusukuma. Nilimaliza chuo na mtoto mkononi, na cheti changu kina alama ya dole gumba lake lenye mafuta ya karanga ambayo haikutoka.

Nilipata kazi Mabatini, katika kituo kile kile. Tukawa tunaonana na Mkufunzi akileta wanachuo wapya. Hatukuzungumzia tena habari ya binti yake, isipokuwa mara moja, aliponiambia kwamba ameolewa na dereva wa malori, na kwamba ni mjamzito. "Amenipigia simu kuniuliza," alisema, "kama ni kawaida mtoto kucheza sana tumboni." Alijaribu kulisema kama jambo dogo, uso ukamkatalia. Wiki zile alikuwa ananunua vitambaa laini kwa mzee mmoja wa Kihindi mjini aliyekuwa akitugawia vipande vya kushonea wanasesere, na mimi nikawa namwona akishona vitu ambavyo havikuwa vya wanasesere.

Binti alifariki akijifungua. Mtoto alipona.

Tulivuka na kivuko kwenda kuzika, kundi la wanachuo wa zamani. Sengerema tulikuta uwanja umejaa. Bibi, mzee sana, alikuwa katikati ya wanawake kwenye mkeka, analia kwa Kisukuma "mayu, mayu wangu", yaani mama, mama yangu, kwa sauti iliyokwisha. Kila aliyeingia alipiga magoti mbele yake, pole mama, pole mama. Mkufunzi alikaa ukingoni mwa mkeka huo huo. Watu walimpa mkono wakipita, kama unavyompa mkono mtu aliyesafiri kuja kuhani. Niliona wengine wakimwuliza jirani yao, huyu ni nani?

Wasifu wa marehemu uliposomwa, msomaji alisema alilelewa na bibi yake, aliyekuwa mama na baba kwake. Mkufunzi alitikisa kichwa taratibu kukubali, namna alivyokuwa akifanya darasani mtu akitoa jibu sahihi. Mimi nilishindwa, nikatoka nje.

Baada ya maziko wazee walikaa kuzungumzia mtoto. Baba yake alikuwa kijana, macho mekundu, anaishi barabarani na lori lake. Bibi hakuweza hata kusimama bila kushikwa. Akatajwa shangazi mmoja Geita, ikatajwa nyumba ya masista wanaolea yatima. Mkufunzi alisubiri wamalize.

"Nitamlea mimi," alisema. "Nahamia hapa."

"Na kazi yako ya serikali?" mzee mmoja aliuliza. "Utaiacha kabla ya kustaafu?"

"Nimesema nahamia hapa."

Akakichukua kichanga kwa mama mmoja aliyekuwa amekipakata, akafungua kanga, akakifunga kifuani. Fundo likafunguka, akalifunga upya. Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akamwachia nafasi.

Siku hizi kuna daraja, na Sengerema imekuwa karibu. Hata hivyo miaka ilipita tukisalimiana kwa simu. Mwaka huu alinipigia mwenyewe, akasema, "Mwalimu, njoo unione, ukipata nafasi." Hakuwa mtu wa kuita watu. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata.

Nilimkuta amekonda, nguo zimemzidi, ngozi imepauka. Bibi alikuwa ameshafariki, nyumba ni yao wawili. Kabula, mjukuu, alijibanza nyuma ya kiti chake na kunichungulia. Ana umri ule wa maswali yasiyoisha, lakini kwangu hakuwa na swali hata moja. Mkufunzi alinipa chai na michembe ya viazi vitamu, akamwambia mtoto akawatazame vifaranga nje.

"Anajua kukuita bibi," nilisema, ili niseme kitu.

"Alipoanza kusema aliniita mama. Nikamkataza. Namwonyesha picha, namwambia mama ni huyu."

"Ungemwacha, Madam. Ana haja na neno hilo."

"Nimwibie mwanangu na hilo pia?" Hakulisema kwa hasira.

Akaniambia habari ya ugonjwa wa tumbo lake. Daktari Mwanza alimwambia wazi kwa sababu alimwomba amwambie wazi. Dawa zipo za kupunguza maumivu, si za kuponya. Baba wa mtoto ameoa tena Kahama, ni mtu mwema, anapiga simu, anatuma matumizi, ila Kabula akimwona hukimbia, na mke mpya ana watoto wake wadogo. Wamezungumza, amekubali.

"Amekubali nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Nataka awe wako."

Nilimfikiria Baraka, chumba na sebule yetu, mshahara wa kituo. Nilimfikiria mtoto yule nyuma ya kiti. Nilitaka kumwambia atapona, Mungu ni mkubwa, maneno ambayo watu huambiana. Alinyoosha kiganja kunizuia.

"Usije kumchukua siku ya msiba. Siku hiyo atakuwa amezungukwa na watu wanaolia na hamjui hata mmoja. Anza kuja sasa, nikiwa nipo. Njoo ukae, uondoke, urudi. Azoee kwamba wewe ni mtu wa kurudi."

Nikasema ndiyo. Nilisema huku nalia, naye akanisogezea kanga yake nifute uso, na akaacha mkono wake hapo, begani kwangu, mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo ninavuka kila ninapopata Jumamosi. Baraka amesema mdogo atalala upande wa ukutani. Mwanzoni Kabula hakutoka nyuma ya kiti. Nikawa nakaa chini, nakunja vitambaa, sisemi naye. Akaja akatazama. Siku nyingine akachukua kitambaa kimoja, akakimbia nacho. Nyingine akakaa karibu, mgongo ameniegemea, kana kwamba mimi ni ukuta. Mkufunzi hutazama yote haya kutoka kitini, na kila nikija kiti kimerudishwa nyuma zaidi, karibu na mlango wa chumbani.

Jumamosi iliyopita nilipiga hodi nje ya ua. Kwa kawaida yeye ndiye huitikia, karibu mwalimu, na mtoto hutokea akiwa ameshika nguo yake. Safari hii hakuitikia mtu. Nilipiga tena. Nikaona Kabula amesimama peke yake kwenye kizingiti, anatazama ndani, anatazama nje, anatazama ndani tena. Kisha akashuka, akapita uwanja wote na vifaranga wakimpisha, akaja mpaka kwangu.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Bibi yuko wapi?"

"Amelala," alinijibu, na akaweka mkono wake ndani ya wangu.

Lakini hakuwa amelala. Kutoka chumbani nilimsikia Mkufunzi akianza kukohoa, kisha akijizuia, ili mtoto asigeuke.